Mafuta Yasiyoganda

Mimi ni mtu wa kunusa. Nikipewa maji ninanusa, nikipewa uji ninanusa, na mpaka leo nikiletewa chupa ya mafuta ya nazi huipeleka puani kabla sijasema ahsante. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi angefaa kazi ya forodhani. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba pua hii nilifundishwa, na kwamba siku moja ilinifukuzia nyumbani mtu ambaye hakuwa na kosa.

Mwalimu wangu alikuwa shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Tulikaa Kariakoo, katika nyumba ya miti na udongo yenye paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, vita ya kwanza imekwisha na ya pili hakuna aliyeiwaza. Kila asubuhi shangazi alikaa barazani kukaanga vitumbua. Alivikaanga kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na mafuta hayohayo ndiyo yaliyokuwa dawa yetu na urembo wetu. Sikio likiuma, tone moja la vuguvugu. Kifua kikibana, yanachemshwa na kitunguu thaumu, unasuguliwa mgongo mpaka unatoa jasho. Miguu ikipauka, unapaka. Nywele zikikatika, unapaka na kufunga kilemba, unalala nayo. Hata mchuzi wa samaki wa jana ulifufuliwa kwa kijiko cha mafuta hayo, na wageni wakasifu.

Na kwa kuwa mafuta yaliingia kila mahali, shangazi aliamini kwamba ubaya nao ulipitia humo humo.

"Mtu akitaka kukudhuru hapigi hodi," aliniambia. "Anakupa mafuta. Ukijipaka, umemfungulia mlango mwenyewe."

Basi nilikua na masharti. Nisipakwe na mkono nisioujua. Nywele zinazobaki kwenye chanuo zisitupwe ovyo, zichomwe zote, nami nisimame nione moshi wake. Mafuta ya sokoni nisiyaguse, kwa sababu wachuuzi waliyachanganya na mafuta ya karanga au ya ufuta, na wengine Mungu ndiye ajuaye walitia nini. Tulipika yetu. Tulikuna nazi zilizokomaa, tukakamua tui zito, tukaliacha usiku kucha, asubuhi tukaengua utando wa juu na kuuchemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yanajitenga na chini yanabaki makoko ya kahawia. Makoko hayo nilikula na sukari. Hayo tu ndiyo sikuambiwa niyanuse.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kipupwe. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri za Dar es Salaam huwa na ubaridi wa kukufanya utafute kanga ya pili. Mafuta safi ya nazi hayaustahimili. Yanaganda chupani, meupe na magumu, huyatoi mpaka uyachokoe kwa kijiti au uyape jua. Yaliyotiwa kitu kingine hubaki majimaji. Shangazi alikuwa akiweka chupa dirishani jioni, na asubuhi anaziangalia moja moja kama hakimu. "Nazi haisemi uongo wakati wa kipupwe," alikuwa akisema, nami nilimwamini kuliko nilivyomwamini mwalimu wa chuoni aliyenisomesha Kurani.

Niliolewa na fundi wa karakana ya reli kule Gerezani, mtu mpole, mikono myeusi kwa grisi, mzaliwa wa ng'ambo ya Kigamboni. Tulipata nyumba hapohapo Kariakoo, mtaa wa pili kutoka kwa shangazi, imegusana ukuta na nyumba ya Mwarabu mwoka mikate. Mama yake mume wangu alivuka kuja harusini, na siku ya tatu akaniita nikae chini mkekani mbele ya magoti yake anipake mafuta na kunisuka.

Nilikaa kwa heshima, lakini shingo ilikuwa ngumu kama mchi. Alipomaliza niliokota nywele zote zilizodondoka, unywele mmoja mmoja, nikazipeleka jikoni kuzichoma. Aliniangalia, akacheka.

"Unamchomea nani hizo, mwanangu? Ningekitaka kichwa chako, si ninacho hapa mikononi?"

Alikuwa anatania. Sasa najua alikuwa anatania. Siku ile nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi na kumrudia maneno hayo neno kwa neno, na shangazi akaacha kitumbua kiungue.

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi amejitaja," akasema shangazi.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla ya kutimiza arobaini. Homa ilimpata usiku, asubuhi hakuwa nayo wala hakuwa na pumzi. Mama mkwe alikuwa amekaa nasi siku saba tu za mwanzo, akamkanda viungo, akarudi kwake kwa sababu mashamba yalikuwa yakimngoja. Katikati ya msiba, wanawake wakiwa wamejaa chumbani, shangazi aliinama sikioni kwangu na kuuliza swali moja. "Nani alikuwa akimpaka mafuta?"

Swali liliingia na halikutoka, na kwa miaka miwili nililala nalo kitanda kimoja.

Nilipojaliwa mimba ya pili niliapa kwamba mtoto huyu hatanifia. Sikutaka kingine duniani. Sikutaka nyumba nzuri wala kanga mpya, nilitaka afike siku arobaini na azipite. Nilijifungua kipupwe kinaanza, mtoto wa kiume, mwembamba, mwenye kilio kikali. Siku ya pili mama mkwe akafika, kikapu kichwani, na safari hii alisema atakaa arobaini nzima. Kikapuni alikuwa na nazi, majani ya mrehani yaliyokauka, na chupa moja ya mafuta aliyoyapika kwake.

"Nimempikia mjukuu wangu," akasema. "Haya ni yake peke yake."

Nikainusa chupa, kwa mbali, bila kuishika. Ilinukia nazi. Hilo halikunituliza hata kidogo, kwani mtu mwenye nia hawezi kukuletea kitu kinachonuka.

Tulimwandalia chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani na kitanda cha kamba kilichokazwa upya. Akakiangalia, akazunguka nyumba yote akigusagusa kuta kwa kiganja, akachagua kile chumba kidogo cha nyuma ambacho tuliwekea magunia ya mkaa. Mume wangu akamsihi. Yeye akashikilia hukohuko.

"Hiki kinanifaa," akasema, asifafanue.

Niambie, nani huacha kitanda kizuri na dirisha, akataka chumba cha mkaa? Usiku ule sikulala.

Kila alfajiri kabla ya adhana alikuja kwenye kitanda changu, akamchukua mtoto, akaenda naye chumbani kwake na kufunga mlango. Nilikuwa bado mzazi, nimelegea, nimefungwa tumbo kwa kanga, nisingeweza kumkimbilia. Nilitega sikio. Mtoto alikuwa analia njiani, na mlango ukifungwa ananyamaza. Ananyamaza kabisa. Kisha nikasikia sauti ya bibi yake, chini chini, maneno yakijirudia, moja, la pili, la tatu, kama mtu anayehesabu kitu asichotaka kisikike. Baadaye analetwa amelala, anang'aa, ananukia, hana habari na dunia.

Mama mwingine angeshukuru. Mimi nilimvua nguo na kumkagua kuanzia utosi hadi unyayo. Siku ya tisa niliona vipele shingoni. Siku ya kumi na mbili vilikuwa vingi zaidi. Leo nimelea watoto sita na najua kila mtoto hupata vipele hivyo vya joto na maziwa. Wakati ule niliona maandishi ya mchawi.

Shangazi alipokuja kunitazama nilimwonyesha. Akaguna. Akauliza chupa iko wapi, nikamwambia iko chumbani kwake, kwenye kijirafu cha ubao ukutani.

"Na ubaridi huu, imeganda?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Kesho yake nilijikongoja mpaka chumba cha nyuma wakati mama mkwe yuko uani anafua nepi. Sikuingia. Nilisimama kizingitini, nikachungulia. Chupa ilikuwa pale kwenye rafu, na mafuta ndani yake yalikuwa maji matupu, yanaonyesha mpaka ukuta wa nyuma. Nilirudi chumbani kwangu nikaangalia chupa yangu mwenyewe niliyopikiwa na shangazi, iliyokaa dirishani. Ilikuwa nyeupe pepepe, unaweza kuigeuza chini juu na tone lisidondoke.

Nilichungulia asubuhi tatu. Asubuhi tatu yangu iliganda na yake haikuganda.

Mtu atauliza, kwa nini hukuichukua chupa ile ukaiweka dirishani pamoja na yako? Nami nimejiuliza hivyo zaidi ya mara mia. Jibu ni hili: shangazi aliniambia nisiiguse. Kitu unachokishuku hukigusi, hiyo ilikuwa sheria ya kwanza kabisa. Basi nikakaa na ushahidi nisioweza kuushika, na kwa sababu sikuushika, haukuweza kubadilika.

Jioni nilimngoja mume wangu arudi kutoka Gerezani. Sikumwacha hata anawe mikono.

"Mama yako ametia kitu kwenye mafuta ya mtoto."

Akaniangalia. "Kitu gani?"

"Nitajuaje? Kipupwe hiki, mafuta ya mji mzima yameganda. Ya kwake hayagandi. Mtoto ana vipele. Na yule wa kwanza nani alimpaka? Niambie, nani?"

Nilikuwa nalia tayari. Hakuwa mtu wa kushuku, lakini na yeye alikuwa amemzika yule wa kwanza kwa mikono yake, na neno hilo lilimpata. Aliinuka na kwenda chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila kitu.

"Mama," akasema, "haya mafuta umetia nini?"

Nadhani mama yake alikuwa anangoja mwanawe acheke.

"Nimetia nini?" akasema mwishowe. "Nazi na moto."

"Mbona hayagandi, mama?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuwa anaulizwa habari za mafuta. Nilisikia mkeka ukikunjwa. Angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha, lakini alikuwa mwanamke wa pwani mwenye heshima zake, na mtu wa namna hiyo ukimuuliza kama amemroga mjukuu wake hajitetei. Anafunga kikapu.

"Kesho nivushe," akasema. "Mtoto huyu ana mama yake."

Asubuhi alikuja mlangoni kwangu, ameshajifunga kanga. Hakumchukua mtoto. Alimtazama tu kwa mbali, mikono ameificha chini ya kanga, kama aliyeogopa ningeona inataka kumshika.

"Kwa heri, mke wa mwanangu," akasema.

Siku zote aliniita mwanangu. Niliisikia tofauti hiyo, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilihema kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mume wangu alimsindikiza Magogoni, akamvusha, akarudi jioni na hakula. Mimi nilikuwa na kazi. Chupa ile sikuigusa. Nilimwomba mchota maji wa mtaani aichukue akaimwage mbali, na chupa yenyewe akaivunje. Kisha nikaona juu ya kitanda changu, kando ya mto, chanuo chake cha mpingo, kile alichonichania siku ya tatu ya harusi. Kimesafishwa, hakina hata unywele mmoja.

Mwanamke hasahau chanuo chake. Kwa hiyo, nikaamua, hakukisahau. Amekitega. Nilikishika kwa vijiti viwili vya kuni, nikakitia jikoni kwenye makaa, nikasimama kuangalia moshi kama nilivyofundishwa. Mpingo ni mti mgumu. Ulichukua muda.

Nikaanza kumkanda mtoto mwenyewe. Alfajiri nilichokoa mafuta yangu safi, meupe, yaliyofaulu mtihani, nikampaka kifuani. Mtoto alipiga ukelele nikadhani nimemvunja mbavu. Kesho yake vivyo hivyo. Ukiyasugua mikononi yanayeyuka, lakini mikono yangu ilikuwa na baridi kuliko mafuta. Nikajipa moyo kwamba kulia ni afya. Vipele viliisha vyenyewe, nikajisifu. Shangazi naye akajisifu, akatangaza habari hiyo barazani kwake pamoja na vitumbua.

Zikawa siku nane, mtoto akapata mafua. Yakashuka kifuani. Usiku alikuwa anakoroma kama mtu mzima, na dirisha la barabarani lilipitisha upepo hata nikiliziba kwa gunia. Siku ya thelathini na tatu. Nilikuwa nazihesabu kwa vidole, narudia, nahofia hata kulala. Mume wangu, ambaye tangu siku ile alikuwa anazungumza nami kwa maneno ya lazima tu, alisema, "Mhamishie chumba cha nyuma. Huko hakuna upepo."

Sikutaka. Nilikiogopa chumba kile. Lakini mtoto alikuwa anakohoa, na hofu ya kile kikohozi ilikuwa kubwa kuliko ile nyingine. Tulihamia wakati wa magharibi. Nilisoma kila dua niliyoijua, nikatandika mkeka, na chupa yangu ya mafuta nikaiweka kwenye kile kijirafu cha ubao kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Ilikuwa imeganda tangu asubuhi, maana siku ile jua halikutoka kabisa.

Mtoto alilala. Alilala usiku mzima, na mimi pia, kwa mara ya kwanza.

Niliamka kabla ya adhana, nikanyoosha mkono kuchukua chupa. Mafuta yalikuwa maji.

Niliruka mkekani. Nitasema lililokuja kichwani, hata kama litanidhalilisha: sikufikiri kwamba nimekosea. Nilifikiri uchawi wake umebaki kwenye rafu na sasa umeingia na kwenye chupa yangu. Nilimnyakua mtoto, nikaegemea ukuta nipate nguvu za kumwita mume wangu. Na ukuta ulikuwa na joto.

Haukuwa na joto la jua, jua lilikuwa bado. Lilikuwa joto la kutulia, la ndani, kuanzia kiunoni pangu mpaka juu ya rafu. Niliweka kiganja. Nikaweka shavu. Ng'ambo ya udongo nilisikia tup, tup, tup, Mwarabu wetu anapiga unga, na mtu akichochea kuni. Tanuri lake lilikuwa limejengwa kwenye ukuta huu huu. Miaka yote nilikuwa nanunua mikate yake kwa mlango wa barabarani na sikuwahi kuuliza anaiokea upande gani.

Nikakaa chini.

Ikanijia jinsi mama mkwe alivyozunguka nyumba akigusagusa kuta kwa kiganja. Alikuwa anatafuta joto. Aliacha kitanda na dirisha, akalala na magunia ya mkaa, ili mafuta ya mjukuu wake yaamke yana vuguvugu na mtoto asishtuke. Alifunga mlango ili joto lisitoke. Mtoto alinyamaza kwa sababu alikuwa anasikia raha. Nazi na moto, alimwambia mwanawe. Alimwambia kila kitu.

Nililia mpaka mume wangu akaja mbio akidhani mtoto amekwenda. Nilimshika mkono nikauweka ukutani. Aliuacha pale muda mrefu sana. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Tumemkosea sote wawili," akatoka kwenda kazini.

Shangazi nilimwambia siku hiyohiyo. Aligeuza vitumbua vyote kwanza, kisha akasema, "Sasa yeye alishindwa nini kusema?" Mpaka anaingia kaburini hakusema neno jingine kuhusu jambo hilo. Mimi sikumlaumu. Pua ilikuwa yake, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Siku ya arobaini ilifika, tukamtoa mtoto nje. Siku ya arobaini na moja nilivuka Magogoni, mtoto mgongoni, na kikapuni chupa ya mafuta niliyoyapika kwa mikono yangu pasipo msaada wa mtu. Nilimkuta mama mkwe uani kwake anafua nazi, anaichomeka kwenye kile chuma kilichosimikwa ardhini na kuizungusha mpaka kumbi linatoka. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mke wa mwanangu. Hamjambo huko?"

Nilimweleza, hapohapo mchangani. Nilianza na ukuta, nikarudi nyuma mpaka kwenye swali la shangazi siku ya msiba, sikuficha hata lile la kufurahi alipoondoka. Alisikiliza akiendelea kufua nazi. Alifua tatu. Nilipomaliza nilimpa chupa.

Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Akaing'oa kizibo, akanusa. Kisha akaenda akaiweka dirishani, upande wa upepo, akarudi kwenye nazi zake.

"Utalala," akasema. "Kesho tutaona."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ningesema nini? Kipimo kilikuwa changu.

Nililala nyumbani kwake bila kupata usingizi, nikiomba baridi, mimi niliyekuwa nailaani kwa ajili ya kifua cha mtoto. Na asubuhi tulisimama wote wawili mbele ya dirisha. Chupa ilikuwa nyeupe. Aliigeuza chini juu, akaitikisa.

"Ni ya nazi," akasema.

Akakaa kwenye kigoda, akachokoa kipande kwa kijiti, akakifinyanga viganjani. Alivisugua viganja kwa nguvu, akapuliza pumzi ndani yake, akasugua tena, hakuwa na haraka, mpaka mafuta yakaanza kumtiririka kwenye vifundo. Ndipo akasema nimpe mtoto. Alimkanda miguu, mgongo, mikono, na alipofika kwenye vidole akaanza yale maneno ya chini chini niliyokuwa nikiyasikia nyuma ya mlango. Sasa nilikuwa karibu. Alikuwa anavitaja vidole. Hiki kitakula wali, hiki kitashika jembe, hiki kitaandika, hiki kitavaa pete, na hiki kidogo kitamfuta bibi machozi.

Mtoto hakulia. Mimi nililia.

Alipomrudishia kanga yake na kumlaza, mafuta yalikuwa yamebaki viganjani. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilifungua kilemba, nikakaa chini mchangani mbele ya magoti yake, nikampa kisogo. Mimi, niliyechoma kila unywele wangu tangu utoto, nilikaa kichwa wazi nikingoja mkono wake. Ulikawia. Kuku walipita wakaenda zao.

"Chanuo kiko wapi?" akauliza.

"Chanuo gani, mama?"

"Kile cha mpingo. Chako niliona kimekatika meno, nikakuachia changu juu ya kitanda. Hukukiona?"

Ningeweza kusema sikukiona. Angeniamini, au angejifanya ameniamini, na nusu ya aibu ingenipungukia.

"Nilikichoma, mama."

Nilisikia anavuta pumzi, kisha nikasikia mafuta yakigusa utosi wangu, yana vuguvugu. Akaanza kuzichambua nywele zangu kwa vidole, fundo moja baada ya jingine. Alichukua asubuhi nzima, na aliniumiza, nami sikufungua mdomo. Nywele zilizodondoka niliziacha hapohapo mchangani, upepo ukazichukua.